Nani Atakudhamini?

Nimefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi nikiwahudumia wafanyabiashara waliofika mjini wakikimbia vita: Wakongo wa Kivu kwa wingi, Warundi, Wasomali, Waethiopia, na Wasudani Kusini wachache. Shirika letu ni dogo. Tunatoa mikopo midogo, tunakaa na watu kupiga hesabu, tunawasindikiza ofisini. Katika muda huo nimeona mipango mingi ikija na kuondoka, kila mmoja na jibu lake: huu mtaji, ule mafunzo, mwingine mashine za kugawa. Mimi nimeishia kuamini jambo moja. Mgeni anayefungua biashara kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini hukwama kwanza kwa kukosa mtu wa kumdhamini. Akimpata, mtaji na mafunzo hupata pa kushikia. Asipompata, hata umpe laki nzima itaishia kwenye faini, kwenye dipoziti zisizorudi na kwenye bidhaa zilizokamatwa.

Tazama Eastleigh. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, Wasomali waliokimbia Mogadishu walimiminika Nairobi, na wengi wakaenda Eastleigh ambako Wasomali wa Kenya walikuwa wameshajikita. Garissa Lodge ya hapo ilikuwa nyumba ya wageni. Vyumba vyake vikageuka maduka, mtu akilala na bidhaa zake usiku na kuzipanga mlangoni kukikucha. Leo wachuuzi hutoka pembe zote za Kenya na nchi jirani kuja kununua hapo kwa jumla. Ukiuliza siri, utaambiwa fedha za ndugu wa ng'ambo, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini nimekaa kwenye maduka hayo nikaona kinachotangulia fedha. Kijana anafika asubuhi hana kitu. Mjomba wa mama yake anamshika mkono, anampeleka kwa mwenye stoo, anasema huyu ni wetu. Jioni kijana ana marobota ya nguo kwa mali kauli. Karatasi haikuandikwa. Akidhulumu, ukoo mzima utajua, na jina lake litakuwa limefungiwa milango kutoka Eastleigh mpaka Dubai.

Mwanamke Mkongo kutoka Uvira akishuka Kayole, mtaa mwingine wa Nairobi, hana mjomba mwenye stoo. Ana pasta, labda, na jirani wa ploti mwenye shida zilezile. Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninaposikia kwamba Wasomali wana biashara kwenye damu na Wakongo wanapenda mavazi na muziki tu. Nimeisikia kauli hiyo hata mikutanoni, kutoka kwa watu waliosoma. Wasemao hivyo hawajaingia kwenye vyumba vya hao Wakongo.

Niliingia kwa fundi mmoja aliyekuwa na duka la kushona katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, kabla vita havijamwondoa. Chumba chake cha Kayole kilikuwa kimoja. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili vitambaa vipate nafasi chini, na cherehani ya kukanyaga ilikuwa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Siku hiyo alikuwa na kitenge cha yadi sita cha mteja. Hakugusa mkasi kwa muda mrefu. Alikitandaza, akakikunja, akakikunjua tena, akitafuta maua makubwa yameangukia wapi, kwa sababu ua moja lazima litue katikati ya kifua, na pale upande wa kulia unapokutana na wa kushoto, mchoro uendelee kana kwamba kitambaa hakikukatwa. Alichora kwa kipande cha sabuni kilichokonda. Mabaki alishayapangia kazi kabla hajakata: hapa mkanda, hapa kilemba, hiki kidogo kifuko cha simu. Bei ya kila kimoja alikuwa nayo kichwani kwa shilingi za Kenya na kwa dola, kwa sababu kwao dola ndiyo iliyokuwa ikipima mambo. Huyu ndiye aliyetakiwa na afisa wa mradi mmoja kuhudhuria semina ya wiki nzima hotelini ili afundishwe tofauti ya mauzo na faida. Alikwenda. Kulikuwa na nauli na chakula cha mchana, na wateja wake wawili wakahamia kwa fundi mwingine wiki hiyohiyo.

Alichokosa ni mlango wa barabarani. Chumbani wateja walikuwa Wakongo wenzake tu, waliojuana kanisani, nao hawana fedha. Alikuwa ameona kibanda cha mabati karibu na stendi ya Masimba, mzee mwenye kibanda akamuuliza maswali mawili: unatoka wapi, na nani anakujua hapa? Kisha akataka dipoziti ya miezi mitatu, wakati Mkenya alikuwa analipa ya mmoja. Nilikwenda kumwona yule mzee. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia amewahi kupangisha wakimbizi, wakapata nafasi ya kuhamishiwa Kanada na kuondoka na deni lake. Wengine walikamatwa usiku, na polisi wakarudi kwake kumuuliza kwa nini anawaweka. Kwake mgeni alikuwa hatari ambayo haina wa kuulizwa ikitokea.

Tukajitolea kuulizwa sisi. Tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja, jina la fundi kama mpangaji, jina la shirika kama mdhamini kwa miezi sita, na namba ya simu ambayo mzee angeipiga saa yoyote. Dipoziti ikashuka ikawa ya mwezi mmoja. Hatukutoa hata senti, wala mzee hakuwahi kupiga simu ile isipokuwa siku moja kuuliza kama tunamjua fundi mwingine wa tabia kama hiyo, maana kibanda cha pembeni kimebaki wazi. Kwenye ripoti ya mwaka huo sikupata pa kuiandika kazi hiyo. Fomu ilikuwa na safu ya waliopewa mafunzo, ya waliopewa fedha, na ya waliopewa vifaa. Saini haikuwa na safu.

Baada ya mlango huja karatasi, na hapa ndipo watu wengi wanaochangia fedha hawaoni tunavyopoteza muda, kwa sababu wao hawajawahi kuishi bila kitambulisho kinachojulikana. Leseni ya kaunti inataka pini ya KRA, mamlaka ya kodi. Pini inataka namba ya kitambulisho. Kitambulisho cha mkimbizi hungojewa muda mrefu, na kina tarehe ya kuisha. Katikati ya kungoja mtu anahitaji laini ya simu, basi jirani Mkenya mwenye roho nzuri anamsajilia kwa jina lake. Inaonekana ni jambo dogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, biashara ndogo ya Kenya imehamia kwenye simu: wateja wanalipa kwa simu, na anayetaka mkopo hupimwa kwa yale yaliyopita kwenye simu yake. Mama aliyeuza samaki wa kukaanga kwa miaka kupitia laini ya jirani ana miaka ya mauzo iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Siku anapoomba mkopo, mashine inaona mtu ambaye hajawahi kuuza hata samaki mmoja. Na jirani akihama, au akikosana naye, au akifa, fedha zote zimeondoka naye. Nimeyaona hayo yote matatu. Kwa hiyo kwa wateja wetu kazi ya kwanza, kabla ya mkopo wowote, ni laini yenye jina lako mwenyewe. Wengine huona tunawachelewesha. Sitaki kulilegeza sharti hilo.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kufungua akaunti kwenye tawi la benki. Kitambulisho chake cha mkimbizi kilikuwa halali, pini anayo, leseni anayo. Kijana wa kaunta aliandika, akafuta, akaandika tena, akasema, "Mama, mfumo unakataa." Tulirudishwa mara kadhaa hivyo. Mwishowe meneja mwenyewe alipiga simu makao makuu, ikajulikana kwamba kadi ile ilikuwa kwenye orodha ya mfumo tangu zamani, ila imeandikwa kwa jina ambalo hakuna mfanyakazi wa tawi aliyelijua, na wote walikuwa wakichagua pasipoti. Sheria ilikuwa imeshamruhusu, benki yenyewe ilikuwa imeshamruhusu, na yeye alikuwa amezuiliwa na ukimya wa watu wa kaunta ambao hakuna aliyewaeleza. Tangu hapo tuna karatasi moja yenye picha ya kadi, mbele na nyuma, na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza ya nini kinaruhusiwa. Tumeigawa kwenye matawi ya benki, kwa wenye nyumba, kwa machifu, na kwenye vituo vya polisi. Gharama yake ni wino tu. Sijaona semina iliyofanya zaidi ya karatasi ile.

Vituo vya polisi sikuvitaja kwa bahati. Mwishoni mwa 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wenzake wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Haukupita mwaka, Aprili 2014 ikaja operesheni ya polisi ya Usalama Watch, maelfu wakakamatwa, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Watu hukumbuka vilio vya siku zile. Mfanyabiashara hukumbuka pia duka lililobaki na kufuli, maziwa yaliyoharibika, wateja wa mkopo waliotoweka, na mwenye mali kauli aliyekuwa anangoja fedha zake. Biashara ndogo haina akiba ya wiki mbili. Mpaka leo, tunapokadiria hatari za mkopo, swali la kwanza ninalouliza ni: ukikamatwa leo jioni, nani atafungua duka kesho, na anajua bei? Mtu akiwa na jibu, namba ya wakili ikiwa kwenye simu ya mtu huyo, mkopo wake uko salama zaidi kuliko wa mtu mwenye dhamana ya friji na runinga.

Sheria imebadilika tangu wakati huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaolenga hasa kugeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya biashara pamoja. Naupongeza kwa moyo. Ila wakimbizi wa Nairobi, ambao hawakai kambini na hawali posho ya mtu, wamebaki pembeni ya mazungumzo, na hao ndio waliojitegemea muda wote huo.

Kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi kwa sababu wengi wameshasema. Mkopo wa kwanza uwe mdogo na uwe wa bidhaa. Ufike kabla ya msimu: kwa fundi wa nguo, Novemba, harusi na Krismasi zikikaribia. Marejesho yawe ya kila wiki, siku ya soko kubwa. Mashine za kugawiwa bure nimeziona zikiuzwa, na simlaumu aliyeuza, maana alipewa cherehani ya umeme kwenye nyumba ambayo tokeni huisha katikati ya mwezi. Na kabla hujaleta kikundi chako cha kuweka akiba, uliza kwanza. Wakongo wana likelemba, Wasomali wana ayuuto, Wakenya wana chama. Hakuna anayehitaji kufundishwa kuchanga na kupokezana. Wanachohitaji ni kikundi chao kisajiliwe, kiwe na akaunti, kiweze kusimama mbele ya mwenye soko na kusema tunamjua huyu.

Kuna ambao mpango wetu haukuwafaa kabisa. Vijana wa Burundi wanaotembeza njugu karanga barabarani hawakutaka kibanda wala leseni ya duka. Biashara yao ni miguu. Walitaka mahali pa kuweka magunia usiku pasipo na panya na wezi, na walitaka askari wa kaunti, kanjo, wasiwamwagie njugu. La kwanza tuliwapatia. La pili linahitaji watu wenye nguvu kuliko sisi, na ningependa kuona kaunti ikiwatengea hata saa maalumu na njia maalumu, kama inavyojua kufanya inapotaka.

Jambo zito zaidi ni wenyeji. Kayole si mtaa wa matajiri wanaokaribisha maskini. Mama mboga aliyezaliwa hapo ananunua maji kwa mtungi, anakopa kwa shailoki, anafukuzwa na kanjo walewale. Siku moja mmoja wao alinisimamisha njiani akaniambia, bila hasira, "Dada, na sisi je? Ama mpaka tukimbie kwetu kwanza?" Hilo ni swali la haki. Mradi unaopita mlangoni mwake kwenda kwa jirani mgeni unamfanya mgeni huyo kuwa adui, na siku ya vurugu kibanda kitakachovunjwa kinajulikana. Kwa hiyo vikundi vyetu vyote ni vya mchanganyiko, mkopo uleule, masharti yaleyale. Sikufanya hivyo kwa kuwafurahisha wenyeji tu. Mkenya ndani ya kikundi ndiye mdhamini bora mgeni anayeweza kumpata, kuliko shirika lolote, kwa sababu yeye hatafunga ofisi mradi ukiisha.

Yule fundi wa Bukavu alifundishwa hilo na jirani yake wa kibanda, fundi Mkenya mtu wa makamo. Januari vitenge havitoki. Watu wamemaliza fedha za sikukuu na ada ya shule inawangoja. Mkongo alikuwa anakaa bila kazi, na jirani yake alikuwa anazama kwenye sare za shule mpaka usiku wa manane, analia mkono mmoja hautoshi. Mkenya alikuwa na mawasiliano ya shule mbili na vipimo vya kila darasa vimeandikwa kwenye daftari kuukuu. Hakuwa na mkono wa nakshi, na wateja wake wa harusi walikuwa wanamkimbia kwa sababu hiyo. Walikubaliana wenyewe, sisi hatukuwepo: Januari na Mei na Agosti Mkongo anashona kaptura na sketi kwa bei ya kipande, na Desemba Mkenya anapokea oda za vitenge, anashona viwiliwili vya gauni, na shingo na mikono inapelekwa kwa jirani. Wameajiri vijana watatu wa kukata nyuzi na kupiga pasi, wawili wazaliwa wa Kayole. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti wao kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda, wakaonyesha kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara inayoajiri angalau mtu mmoja, na katika hao walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Huwa nawapa takwimu hiyo madiwani. Halafu nawapeleka Masimba waone pasi ya mkaa inavyofanya kazi.

Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ilikatwa, na mashirika mengi yaliyokuwa jirani zetu yakafunga milango au kupunguza watu. Wakati huohuo, katika vita vya Kivu, Goma ilianguka Januari na Bukavu ikaanguka Februari, na wageni wapya wakaanza kufika Kayole na mifuko yao. Udhamini wa shirika letu hauwezi kuwatosha. Vikundi vimeshika nafasi hiyo vyenyewe: mwenye kibanda sasa anakubali saini ya kikundi. Lakini jambo hilo limezua ubishi. Wanachama wa Bukavu walitaka kuwadhamini wa Bukavu kwanza. Wa Uvira na wa Goma wakasema hapana. Wakenya wakasema hawawezi kubeba deni la mtu waliyemwona wiki hii. Nilihudhuria kikao hicho, kikaendelea mpaka giza. Waliafikiana kwamba kila mgeni awe na wadhamini wawili, mmoja kutoka kwao na mmoja Mkenya, na kwamba mgeni afanye kazi kwenye kibanda cha mwanachama kwa muda kabla hajasainiwa chochote. Nadhani walifanya uamuzi mzuri kuliko ambao sisi ofisini tungefanya, maana wao ndio watakaolipa ukienda vibaya.

Sasa wanataka udhamini huo utambuliwe na kaunti, ili mtu aliyesimamiwa na kikundi kilichosajiliwa aruhusiwe kulipia leseni huku akingoja kitambulisho kipya, badala ya kufungiwa kibanda. Barua wameiandika wao, Kiswahili, ikiwa na mihuri ya vikundi vyote, na mama mboga yule aliyeniuliza "na sisi je" ni mmoja wa waliotia saini. Tumeipeleka kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa diwani. Tumeomba tukutane kabla ya Novemba, kwa sababu baada ya hapo mafundi hawatapata nafasi ya kukaa kwenye mkutano wowote.